Rimoti Ikiingia Maji, Ufunguo Bado Una Meno



Siku hizi hata huku kwetu milimani gari si kitu cha kushangaza. Noah zinapanda Kinole, zinapanda Matombo, zinapanda Mgeta mpaka Nyandira. Nyingi zimetoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, na nyingi hufunguliwa kwa rimoti. Rimoti ni kile kidude chenye vitufe kilichomo katika kichwa cha ufunguo. Unabonyeza, milango inalia "ta!", imefungwa. Unabonyeza tena, imefunguka. Mambo ni mazuri, mpaka siku rimoti inapoingia maji.

Na maji huku kwetu hayana uhaba. Upande wa mashariki wa Uluguru, ule unaotazama bahari, ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi katika nchi yetu. Mito ya huko ndiyo inayoujaza mto Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa hadi Dar es Salaam. Masika yakianza mwezi Machi, kila kitu kinalowa: nguo, daftari, simu, na ufunguo wa gari ulioko mfukoni.

Nitaeleza kwanza jambo lililotupata njiani. Halafu tutaona rimoti ni kitu gani, maji yanaiharibu vipi, na mtu afanye nini.

Ilikuwa Aprili 2023. Nilikuwa natoka Nyandira kukagua madarasa ya kisomo, nateremka Mlali ili nishike lami pale Sangasanga niende mjini Morogoro. Tulikuwa abiria saba na mizigo. Mama mmoja alikuwa na magunia mawili ya njegere mbichi za kupeleka soko la Chifu Kingalu. Mzee mmoja alikuwa na kadi ya kliniki ya macho, siku yake ilikuwa hiyohiyo.

Tulipofika kwenye kijito kimoja maji yalikuwa yamepanda. Dereva akatuteremsha wote, akafunga gari kwa rimoti kama ilivyo desturi yake, akakunja suruali ili akapime kina. Alipoinama, ufunguo ukachomoka mfuko wa shati, "chubwi!" Tuliutafuta kama dakika kumi kwenye tope. Kijana mmoja akaupata.

Dereva akaupangusa kwa shati, akabonyeza. Milango ikalia mara moja tu, tena kwa uvivu, lakini haikufunguka. Akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu zote, mara thelathini, labda arobaini. Kimya. Ndipo akaona boneti bado ina joto, akafanya ujanja: akaufunga ufunguo kwa waya na kuuning'iniza kwa chini, karibu na bomba la moshi, ili ukauke haraka. Bomba la moshi la gari lililotoka kupanda mlima! Alipoutoa, plastiki ilikuwa imejikunja kama jani la mgomba lililopitiwa na moto.

Basi tukakaa. Dereva akampigia simu fundi aliyeko mjini. Fundi akasema atakuja kwa bodaboda, atumiwe kwanza nauli. Tulikuwa tumesimama pale tangu saa tatu asubuhi. Saa nane mchana fundi alikuwa bado "yuko njiani". Mzee wa kliniki alikuwa amekwisha kata tamaa, amelala kwenye majani. Njegere zilikuwa ndani ya gari, vioo vimefungwa, jua limetoka baada ya mvua. Mwenye kujua njegere anajua hali hiyo: zikifungiwa kwenye joto zinatoa jasho, maganda yanageuka manjano, na mnunuzi akiziona anataja bei ya kukutukana.

Mama mwenye njegere ndiye aliyetuokoa. Alikuja akamwambia dereva, "Mwanangu, hebu nione huo ufunguo." Akautazama. "Mbona una meno? Haya meno ni ya nini?"

Dereva akacheka. "Mama, hii gari ni ya rimoti. Ukiingiza funguo mlangoni inajifunga moja kwa moja, haiwaki tena."

"Umejaribu?"

Hakuwa amejaribu. Wala mimi, ndugu msomaji, mwenye cheti cha ualimu, nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nikitikisa kichwa kukubaliana na dereva. Mama akasema mara ya pili, "Jaribu." Dereva akaingiza meno katika tundu la mlango, akazungusha. Mlango ukafunguka. Akakaa, akachomeka kwenye swichi, akawasha. Gari likanguruma.

Saa tano tulikaa pale na ufunguo mkononi.

Vitu viwili katika kichwa kimoja

Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba ufunguo wa gari ni kitu kimoja. Sivyo. Katika ufunguo wa namna hii mna vitu vitatu, na kila kimoja kina kazi yake.

Cha kwanza ni chuma chenye meno. Hicho tunakijua wote. Kinafungua mlango na kuzungusha swichi. Maji hayakidhuru.

Cha pili ni rimoti. Hii ni redio ndogo ya kutangaza. Ina betri bapa kama sarafu, ina vitufe, na ina kibao kidogo chenye njia za shaba ambacho mafundi hukiita sakiti. Ukibonyeza kitufe, rimoti inatangaza namba ya siri kwa mawimbi ya redio. Gari likiisikia namba yake linafungua milango. Kazi ya rimoti ni milango na king'ora tu. Haihusiki na kuwaka kwa injini.

Cha tatu ndicho wengi hawakijui. Ni chipu, yaani kipande kidogo, pengine cheusi kama kipande cha mkaa, pengine kama kichupa chembamba cha kioo, kilichofichwa ndani ya plastiki ya kichwa cha ufunguo. Chipu haina betri. Pale penye swichi kuna waya uliozungushwa kama pete. Ukichomeka ufunguo na kuuzungusha, waya ule unatoa mawimbi yanayofika umbali wa vidole viwili vitatu tu. Mawimbi hayo ndiyo yanayoipa chipu nguvu ya kujibu. Ni kama mtu kupiga hodi na mwenye nyumba kuuliza, "Nani?" Chipu inataja namba yake, gari linaitambua, injini inaruhusiwa kuwaka. Kama haikutambuliwa, utazungusha ufunguo mpaka betri ya gari iishe na injini haitashika. Mpango huu umewekwa kuzuia wezi wanaochonga funguo. Magari mengine ya zamani hayana chipu kabisa, yanategemea meno peke yake.

Kwa hiyo rimoti ikifa, meno yanafungua mlango na chipu inawasha injini. Chipu imezibwa vizuri, na kuingia maji kwa kawaida hakuisumbui.

Hata hivyo dereva wetu hakuwa mjinga kabisa. Kuna magari ambayo wenyewe wamefungiwa king'ora cha ziada hapa nchini. Hayo, ukifungua kwa meno, yanaweza kupiga kelele mji mzima ukatoka nje, na mengine yanakata moto. Fundi aliyekifunga huwa ameweka swichi ndogo ya siri mahali fulani chini ya usukani, ya kukizima. Kama gari lako lina king'ora cha namna hiyo, muulize fundi wako leo swichi hiyo iko wapi. Usingoje kumuuliza kwa simu ukiwa mtoni.

Je, magari ya kuwashwa kwa kitufe, yasiyochomekwa ufunguo? Hayo nayo yana njia. Tazama ubavuni mwa ile rimoti, utaona kibanzi cha kusukuma. Kisukume, uvute, utatoka ufunguo mdogo wa chuma. Ufungue mlango nao. Ukiwa ndani, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, kisha ubonyeze kitufe. Katika Toyota, upande wenye nembo ndio unaogusishwa. Hata betri ikiwa imekufa, chipu ya ndani itajibu kwa ukaribu ule.

Maji yanaharibu nini?

Wengi husema rimoti imekufa "kwa sababu ya maji". Hilo ni nusu ya ukweli. Maji peke yake, katika kibao kisicho na umeme, hayana madhara makubwa yakitolewa mapema. Kinachoua ni maji na umeme kukutana.

Betri ya rimoti ina volti 3. Ni umeme mdogo, huwezi hata kuusikia mkononi. Lakini njia za shaba katika kibao kile zimepangwa karibu karibu, pengine nafasi kati yake haifiki unene wa ukucha. Maji yakijaa hapo, umeme unavuka kutoka njia moja kwenda nyingine. Na volti moja na ushei inatosha kuanza kuyavunjavunja maji yenyewe. Hapo shaba inaanza kuliwa. Inayeyuka upande mmoja, inahamia upande wa pili, na inaacha unga wa kijani au mweupe. Unga huo ndio kutu ya shaba. Njia ikiliwa mpaka ikakatika, rimoti haitangazi tena hata ukiweka betri mpya.

Maji nayo hayalingani. Maji ya mvua yana chumvichumvi kidogo, kwa hiyo hupitisha umeme kwa shida. Maji ya mto yenye tope ni mabaya zaidi. Maji ya sabuni, yale ya beseni la kufulia, ni mabaya zaidi ya hayo. Na maji ya bahari ndiyo mabaya kupita yote.

Sasa rudi kwa dereva wetu uone. Kila alipobonyeza, alikuwa anapitisha umeme katika kibao kilicholowa. Alikuwa anaila rimoti yake kwa kidole gumba. Bomba la moshi likamalizia.

Namna ya kuiokoa

Ukiutoa ufunguo majini usibonyeze chochote. Najua kidole kinawasha, mtu anataka kujua kama ni nzima. Usibonyeze. Kazi ya kwanza, kabla ya kupangusa, kabla ya kulalamika, ni kuitoa betri.

Tazama kichwa cha ufunguo. Kama kuna skrubu ndogo nyuma, ifungue kwa bisibisi ndogo. Kama hakuna, utaona ufa mwembamba ubavuni. Ingiza ukingo wa sarafu hapo, uzungushe taratibu, nusu mbili zitaachana. Fanya hivyo juu ya kitambaa cheupe au sahani, siyo ukiwa umesimama kwenye majani. Sababu ni ile chipu. Katika funguo nyingine imekaa tu katika kishimo chake, nayo ni ndogo kama punje ya mchele au zaidi kidogo. Ikidondoka ukaipoteza, umepoteza uwezo wa kuwasha gari, na hasara hiyo ni kubwa kuliko ya rimoti.

Betri itoe kwa kijiti au ukucha. Angalia kwanza upande wenye alama ya kujumlisha (+) ulikuwa unatazama wapi, uandike. Soma pia namba iliyoandikwa juu yake. Mara nyingi ni CR2032, CR2025 au CR2016. Namba hizo zina maana: 20 ni upana wa milimita 20, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Zote ni za volti 3, lakini unene ukitofautiana haishiki vizuri. Ukienda dukani taja namba, usiseme tu "betri ya rimoti".

Sasa tazama maji yaliyoingia. Kama yalikuwa ya tope, ya sabuni au ya chumvi, kibao kioshwe. Ndiyo, kioshwe kwa maji, maana uchafu ukikaukia pale utaendelea kuvuta unyevu kila ukungu ukishuka. Maji mazuri ni yale yaliyosafishwa kwa mvuke, yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza katika betri za magari. Angalia sana kibandiko cha chupa! Madukani kuna maji ya betri, na kuna asidi ya betri, na chupa zinaweza kufanana. Asidi inaunguza ngozi na macho. Kama huna uhakika, tumia maji ya mvua uliyokinga mahali safi, siyo yale ya kwanza yanayosafisha vumbi la bati. Piga kibao taratibu kwa mswaki wa zamani wenye nyuzi laini.

Baada ya maji, pitisha spiriti kwa mswaki uleule. Spiriti inachanganyika na maji na kuondoka nayo ikikauka. Iliyo bora ni ya asilimia 90 au zaidi, ambayo mafundi simu wanayo. Ile ya kusafishia vidonda mara nyingi ni ya asilimia 70, yaani sehemu 30 ni maji. Inafaa, ila acha ikauke muda mrefu zaidi. Kazi hii usiifanye karibu na jiko wala kibatari, spiriti hushika moto upesi. Petroli usitumie, inalainisha plastiki na mpira wa vitufe. Mafuta ya taa yanaacha utando. Kuna rafiki yangu aliwahi kutumia Konyagi akisema ni spiriti tu. Konyagi ni asilimia 35, nyingine karibu yote ni maji. Aliosha rimoti kwa maji ya bei ghali.

Kukausha ndiko kunakotaka subira. Ianike wazi mahali penye upepo, kivulini au kwenye jua la asubuhi, siku moja mpaka mbili. Ukiwa juu milimani wakati wa ukungu, ongeza siku ya tatu, au uipeleke kwa ndugu aliyeko mjini ambako hewa ni kavu zaidi. Vile vipakiti vidogo vyenye chembe zinazonyonya unyevu, vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vinasaidia: viweke pamoja na kibao katika kopo linalofunga vizuri. Usitumie moto, moshi, wala bomba la gari. Na betri ikipata joto kali inaweza kupasuka.

Mchele je? Karibu kila mtu atakwambia uifukie ndani ya mchele. Mchele hunyonya kidogo sana, tena vumbi lake linaingia kwenye vitufe na kugeuka uji. Mwezi Januari 2024 hata kampuni ya Apple ya Marekani, watengenezaji wa simu za iPhone, iliwaambia wateja wake wasifukie simu iliyolowa kwenye mchele. Mchele upike.

Kibao kikishakauka, weka betri mpya au ile ya zamani kama fundi ameipima na kukuta volti 3. Bonyeza mara moja, ukiwa karibu na gari. Shemeji yangu alifua suruali ya mumewe pamoja na ufunguo, kwenye maji ya sabuni ya unga, nusu saa nzima. Tulifanya kama nilivyoeleza, na rimoti ile inafanya kazi mpaka leo, ingawa kitufe kimoja ni kigumu.

Usijaribu kuipima kwa kamera ya simu. Watu hupima hivyo rimoti ya televisheni, kwa sababu ile inatoa mwanga ambao jicho halioni lakini kamera inauona. Rimoti ya gari inatoa mawimbi ya redio. Kamera haitaona kitu, nawe utaitupa rimoti nzima.

Ikikataa kabisa

Ikiwa bado kimya, ipeleke kwa fundi simu mwenye kifaa kizuri cha kulehemu. Mara nyingi kilichoharibika ni kitufe, au mguu wa betri ulioliwa na kutu, na hivyo vinabadilishwa. Kama njia nyingi zimekatika, ni ya kubadilisha.

Rimoti mpya haifanyi kazi kwa kununuliwa tu. Lazima "ifundishwe" kwa gari lako, gari likiwepo. Pia iwe ya mawimbi yaleyale: magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Japani kwa kawaida hutumia karibu megahezi 315, na ya Ulaya 433. Ganda la ufunguo wa zamani usilitupe, chipu yako imo humo, na fundi anaweza kuihamishia katika ganda jipya. Kaa naye mpaka amalize. Ufunguo wa gari hauachwi kwa mtu usiyemjua ukarudi jioni.

Na kama una ufunguo mmoja tu, chongesha wa pili sasa. Fundi akiwa na ufunguo mmoja mzima, kutengeneza mwingine ni kazi nyepesi. Ukipoteza wote, ni kazi kubwa na gharama yake ni kubwa vilevile. Dereva wetu alinunua ganda jipya, chipu ikahamishwa, wa pili akachongesha. Rimoti hakununua tena, siku hizi anafungua kwa meno.

Neno juu ya betri ya zamani. Usiitupe uani. Inang'aa, na mtoto mdogo huitia mdomoni. Ikikwama kooni, umeme uliobaki ndani yake, ingawa hauwezi kuendesha rimoti, unaweza kuunguza njia ya chakula katika muda wa saa mbili. Mtoto anaweza kutoa mate mengi, kukohoa, kukataa kula, au asionyeshe dalili yoyote. Ukishuku tu kwamba ameimeza, au ameitia puani, usimtapishe na usingoje kesho. Mpeleke hospitali yenye eksirei saa ileile. Mwambie daktari kwamba ni betri, na kama unayo nyingine ya namba hiyo, ichukue uende nayo aione.